Wamakonde wa Kwale: Walioitwa, Wasiandikiwe

Wamakonde wa Kwale hawakuingia Kenya kwa kunyemelea. Waliitwa. Katika miaka ya 1930 na 1940 mashamba ya mkonge na miwa ya pwani yalikuwa yakitafuta watu wa kazi, na watu hao wakatafutwa hadi ng'ambo ya Mto Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji iliyokuwa chini ya Mreno. Serikali ya kikoloni ilijua kwamba wanakuja. Mwenye shamba alijua, karani aliyewaandika daftarini alijua, na nyapara aliyewahesabu kila alfajiri alijua kuliko wote. Wajukuu wao walipokuja kuulizwa, "Nyinyi mliingiaje hapa?", hakupatikana hata mmoja wa kuwajibia.

Nimefundisha shule za msingi za Msambweni na vijiji vyake mpaka nikastaafu. Mimi ni Mdigo, kwetu ni hapa hapa, na kitambulisho changu nilikipata nikiwa kijana bila kuulizwa mengi: jina la baba, jina la chifu, vidole kwenye wino, basi. Jirani yangu Mmakonde, ambaye watoto wetu walikua pamoja wakila sahani moja, hakuweza kukipata. Jambo lenyewe lilikuwa likifichuka darasa la nane. Fomu ya mtihani wa KCPE ilitaka nambari ya cheti cha kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa kilitaka kitambulisho cha mzazi, na mzazi hakuwa nacho kwa sababu babu hakuwa nacho. Anayekabidhiwa fomu hizo ni mwalimu wa darasa, kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa na wazazi kwenye benchi nje ya ofisi tukitazamana. Hapo ndipo nilipoanza kuwauliza wazee historia ambayo vitabu vyetu vya shule havikuwa nayo.

Asili yao ni uwanda wa juu wa Mueda, mkoa wa Cabo Delgado. Chini ya Wareno, mwanamume aliyeshindwa kulipa kodi ya nyumba alikamatwa akapelekwa kazi ya kulazimishwa. Kuanzia 1938 ikaongezwa pamba: familia iliamriwa kuilima na kuiuza kwa bei iliyokwisha kupangwa, huku shamba la chakula likikosa mkono wa kulipalilia. Mtu aliyeishi hivyo, akisikia kwamba upande wa Mwingereza kuna kazi ya mshahara, hata mshahara wenyewe uwe mdogo, hakuhitaji kubembelezwa. Walivuka Ruvuma, wakashika njia ya Mtwara na Lindi, na wengi wakaishia kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako wao na wenzao wa makabila mengine waliitwa manamba. Kutoka Tanga mpaka Kwale si safari ya kutisha. Tanganyika na Kenya zote zilikuwa mikononi mwa Mwingereza tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, na mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga haukumzuia mkata mkonge ambaye mwajiri anamngoja upande wa pili.

Upande huu kulikuwa na mkonge, na kulikuwa na Ramisi. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianza mwaka 1927, na kwa miaka 60 maisha ya Kwale ya kusini yalizunguka king'ora chake. Wamakonde walikata miwa, walipalilia, walibeba. Kazi ya mkonge wazee walinieleza kwa mikono zaidi ya maneno. Mmoja alikunjua kiganja akanionyesha makovu, moja moja, akisema hili la mwiba, hili la panga, hili la kamba. Jani la mkonge lina mwiba mweusi nchani. Unaukata huo kwanza, ndipo unakata jani shinani, unapanga majani, unayafunga matita, unayabeba mpaka kwenye reli ya shamba. Utomvu wake unawasha, na anayefanya kazi kifua wazi kwa sababu ya jua analala akijikuna. Walilala kwenye laini, vyumba vilivyopangwa safu kama madarasa, na Jumapili ngoma zao za vinyago, mapiko, zilivuta hata sisi Wadigo kwenda kutazama.

Sasa nije kwenye karatasi. Mkoloni wa Kenya alikuwa mtu wa kuandika sana. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na kipande. Ndani yake kulikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri wake, tarehe aliyoanza kazi, mshahara wake, na nafasi ya mwajiri kutia saini siku ya kumwachilia. Karatasi hiyo ilikaa ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Aliyekutwa hana alitozwa faini au alifungwa. Aliyeacha kazi bila saini alisakwa kwa vidole vyake hadi kwao. Watu walikichukia kipande kwa haki kabisa. Mwanaharakati Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyokuwa akiyapinga, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Mwaka 1947 sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote ikachukua nafasi ya ile ya zamani, na vijaluba vikashuka shingoni.

Sitaki mtu adhani nakililia kipande. Babu yangu mzaa baba alikivaa, na hadi anazeeka alikuwa akigusa kifua kila akiona kofia ya askari. Lakini kwa Mmakonde aliyekuja Ramisi akitokea Mueda, ile karatasi ya fedheha ilikuwa na jambo ambalo halikuandikwa popote pengine kwa faida yake: kwamba mwaka fulani, siku fulani, mtu huyu alikuwa Kenya, akifanya kazi halali, kwa mwajiri anayejulikana, na serikali ikiwa na habari. Watu walizitupa karatasi hizo mara tu zilipoacha kuwa lazima. Wengine walizichoma. Nani angewazuia? Hakuna aliyewaambia kwamba siku moja watadaiwa ushahidi wa kuingia.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba Wamakonde "hawakutunza" karatasi zao. Kila kilichoandikwa juu yao kiliandikwa na mtu mwingine, kwa manufaa ya mtu mwingine, na nakala kubwa ilibaki kwake. Vidole vyao vilibaki ofisini Nairobi. Mishahara yao ilibaki kwenye daftari la shamba. Aliyeshika kalamu ndiye aliyekuwa na kabati la kufunga kwa ufunguo. Aliyelala kwenye laini, nyumba ikivuja na mchwa wakila hata miguu ya kitanda, alikuwa na wapi pa kuhifadhi karatasi kwa miaka 60?

Uhuru ulifika tarehe 12 Desemba 1963. Katiba ya siku hiyo ilisema kwamba aliyezaliwa Kenya anakuwa raia moja kwa moja, ila si yule ambaye hana mzazi hata mmoja aliyezaliwa Kenya. Kijana wa Kimakonde aliyezaliwa Ramisi mwaka 1942, baba wa Mueda na mama wa Mueda, akaachwa nje na sentensi hiyo moja. Mlango mwingine uliachwa wazi: watu wa aina yake wangeweza kuomba kuandikishwa, na muda wao ulikuwa miaka miwili, hadi Desemba 1965. Nimewauliza wazee wengi kama kuna aliyewaambia. Mmoja alinijibu, "Mwalimu, sisi tulisikia uhuru umekuja. Tulicheza ngoma. Hatukusikia kwamba uhuru una fomu." Miaka miwili ikapita wakikata miwa.

Kule kwao mambo yalikuwa yamechafuka. Juni 1960 Wareno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda. Septemba 1964 wapigania uhuru wa FRELIMO wakaanza vita, na Cabo Delgado ikawa uwanja wa mapigano. Wakimbizi wakaja, wengine wakifuata ndugu zao waliotangulia mkonge. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975 wapo waliorudi. Wengi wa Kwale hawakurudi, na sioni kwa nini wangerudi. Watoto wao walikuwa wamezaliwa hapa, makaburi ya wazazi wao yalikuwa hapa, Kimakonde chao kilikuwa kimeingia Kidigo, na Msumbiji hawakuwa na karatasi ya huko pia.

Kilichofuata ni maisha ya barua ya chifu. Nimeziona nyingi, na nyingine niliombwa kuziandika rasimu. Ni nusu ya karatasi, imepigwa taipu, inasema kwamba mwenye barua hii anajulikana kwangu, ni mkazi wa kata yangu, naomba asaidiwe; chini saini na muhuri wa zambarau. Mwenyewe aliikunja mara nne akaitia ndani ya mfuko wa nailoni ili jasho lisiifikie. Ndani ya kata barua hiyo ilikuwa na nguvu. Ukifika kizuizi cha barabarani kwenye njia ya Likoni, askari akaona chale za uso, akauliza kitambulisho, barua ya chifu haikuwa na uzito wowote. Kuna wazee waliokaa miaka bila kuvuka kivuko cha Likoni kwenda Mombasa, ilhali mji wanauona kwa macho. Bila kitambulisho hakuna ardhi kwa jina lako, hakuna akaunti ya benki, hakuna leseni ya kuvua. Simu za mkononi zilipoingia, laini yako na pesa zako za M-Pesa zilikaa kwa jina la jirani, nawe ukaomba Mungu jirani asihame.

Baba wa mwanafunzi wangu mmoja, mzee wa kijiji cha Makongeni, alinifungulia kopo la maziwa ya unga alilokuwa amelifukia chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na kadi ya ubatizo, hati mbili za mshahara kutoka shambani, kadi ya kliniki ya mtoto wake wa kwanza na risiti ya kodi iliyoliwa pembeni. Alizipanga juu ya mkeka moja moja. Jina kwenye kadi ya ubatizo lilikuwa la Kikristo pamoja na la ukoo. Kwenye hati ya kwanza ya mshahara karani alikuwa ameandika jina la ukoo kama alivyolisikia yeye, herufi mbili zikapotea. Kwenye ya pili aliitwa jina la Kiislamu ambalo hakuwahi kulitumia, pengine kwa sababu karani mpya hakuweza kutamka la kwake. Akaniambia, "Mwanangu, hawa wote ni mimi. Lakini kila karatasi inamtaja mtu wake." Nilichukua kalamu nikajaribu kuandika barua ya kueleza kwamba watu watatu wale ni mtu mmoja, na nikaona jinsi barua ya mwalimu inavyokuwa nyepesi. Ramisi ilipofungwa mwaka 1988, mtu kama yeye akapoteza kazi, na pamoja na kazi akapoteza dirisha la pekee ambalo angeweza kubisha akasema, "Fungueni daftari la mwaka fulani, jina langu limo."

Katiba ya 2010 ilileta upepo mpya, na mwaka 2011 ikatungwa sheria ya uraia na uhamiaji. Kifungu chake cha 15 kiliandikwa kana kwamba mtu alikaa Makongeni akasikiliza. Kinasema kwamba asiye na nchi, ambaye amekuwa akiishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, anahesabiwa kuwa aliishi kihalali na anaweza kuomba kuandikishwa kuwa raia. Miongoni mwa masharti ni kujua Kiswahili au lugha ya mahali. Sharti hilo kwa Wamakonde lilikuwa kama kumwuliza samaki kama anajua kuogelea. Muda wa kuomba uliwekwa miaka 5, baadaye ukaongezwa miaka 3. Tatizo lilikuwa lile lile la zamani: mwombaji aonyeshe kwamba alikuwapo. Makopo ya maziwa yakafukuliwa tena, fomu zikajazwa, majibu hayakuja.

Ndipo Oktoba 2016 wakaamua kwenda wenyewe. Karibu watu 300, wanawake wenye watoto mgongoni na wazee wenye fimbo, walitoka Kwale kuelekea Nairobi, sehemu ya njia kwa miguu na sehemu kwa magari. Wanaharakati wa haki za binadamu walikuwa pamoja nao. Tarehe 13 Oktoba walipokewa Ikulu na Rais Uhuru Kenyatta, ambaye aliagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha. Februari 2017 vitambulisho vikaanza kutolewa, na Wamakonde wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Nilikwenda kushuhudia. Nilimwona mama aliyekuwa mzee wakati mimi naanza kazi akiwekewa kidole kwenye wino, karani alikuwa kijana mpole, akamshika mkono kwa sababu unatetemeka, akamwambia, "Bibi, polepole, hatuna haraka." Mama yule akamjibu kwamba yeye ndiye mwenye haraka. Watu walicheka na kulia wakati mmoja.

Hawakuwa peke yao. Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi waliofuata samaki na upepo hadi Shimoni, Vanga na Watamu, walikuwa na kisa cha ajabu zaidi. Kabla ya Desemba 1963 ukanda wa pwani ya Kenya ulikuwa, kwa jina, milki ya Sultani wa Zanzibar, kwa hiyo mvuvi aliyetoka Pemba kwenda Shimoni alitoka nchi ya Sultani akafika nchi ya Sultani. Ruhusa gani angeomba, na kwa nani? Hao walitambuliwa mwaka 2023. Washona waliokuja na kanisa lao kutoka Rhodesia, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, wengi walikuwa na pasipoti mkononi, ila serikali iliyozitoa ikakoma nao wakabaki na vitabu vya nchi isiyokuwapo. Uraia wao ulitangazwa tarehe 12 Desemba 2020.

Na mtu asidhani huu ni uzembe wa Afrika. Huko huko Uingereza, watu wa Karibi walioitwa baada ya Vita vya Pili kwenda kuendesha mabasi na kuuguza wagonjwa waliingia kihalali na wakakaa kihalali. Idara ya mambo ya ndani ya nchi hiyo ilikuwa na kadi zao za kuwasili, na mwaka 2010 ikaziharibu. Miaka michache baadaye wazee hao wakadaiwa ushahidi wa kila mwaka waliokaa. Wengine walinyimwa matibabu, wengine walifukuzwa nchini, mpaka kashfa ikalipuka 2018. Yule yule aliyemwandika Mmakonde wa Ramisi kwa vidole alishindwa kutunza hata karatasi za nyumbani kwake. Msimamo wangu ni huu: serikali inayomwita mtu aje afanye kazi inachukua dhamana ya kuhifadhi ushahidi kwamba ilimwita, na ikiupoteza, hasara iwe yake, si ya aliyeitwa.

Wamakonde wa Kwale leo wanapiga kura, wanasajili laini zao wenyewe, na mwalimu aliyenirithi darasa langu hana haja ya kukaa kwenye lile benchi na wazazi wao. Lakini historia yao ya kuingia bado imetawanyika kwenye makopo, kwenye vitabu vya ubatizo vya parokia, na kwenye madaftari ya mashamba yaliyokwisha kufa. Wazee waliokuja na miguu yao wenyewe wamebaki wachache sana. Kwa hiyo natoa ombi. Kama ulikuwa karani wa mkonge au wa miwa, au baba yako alikuwa, na nyumbani kwenu kuna daftari la mishahara, kitabu cha kuhesabia watu au hata kijaluba kimoja cha kipande chenye karatasi ndani, usikichome na usikiuze kwa watalii. Kipeleke kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi, uandikishe kimetoka wapi na kilikuwa cha nani. Na wewe kijana wa Makongeni unayesoma haya, chukua simu yako leo, ukae na babu au bibi, umrekodi akitaja jina la shamba, jina la nyapara na mwaka aliovuka Ruvuma.